Kuchaji Betri za Karavani kwa Jenereta: Mwongozo Kamili kwa Anayelala Mbali na Umeme

Jenereta haichaji betri. Kinachochaji betri ni chaja. Jenereta inailisha chaja umeme, basi. Naanza na hilo kwa sababu mwaka wangu wa kwanza wa kulala porini nilikuwa sijalielewa, na nililipia kwa petroli nyingi. Jenereta yangu ndogo ilikuwa na tundu pembeni lililoandikwa volti 12. Nikajiambia: betri ni ya volti 12, tundu ni la volti 12, nini tena? Nikaunga nyaya mbili, nikaiacha ingurume saa nne nzima. Jioni taa zikafifia vilevile. Matundu ya namna ile kwa kawaida hutoa kama ampea 8 tu, na hayana akili ya kujua betri imefika wapi. Saa nne mara ampea 8 ni ampea-saa 32. Toa zinazopotea njiani, na wakati huohuo pampu na feni zilikuwa zinanyonya upande wa pili. Haba na haba hujaza kibaba, kweli, lakini si kwa petroli.

Mwongozo huu ni kwa mwenye karavani, kempavani au gari lolote lenye kitanda na jiko ndani, akiwa ameegesha mahali pasipo na umeme wa kuchomeka. Betri ninazozisema ni zile za matumizi ya ndani, zinazoendesha taa, pampu ya maji na feni ya hita. Si ile ya kuwashia injini. Na kama utakumbuka jambo moja tu, kumbuka hili: anayeamua kasi ya kuchaji si jenereta. Ni chaja yako, na zaidi ya chaja ni betri yenyewe, ambayo hula kwa pupa ikiwa na njaa na hudonoadonoa ikikaribia kushiba. Ukiijua saa yake ya njaa, jenereta itanguruma kwa muda mfupi. Usipoijua, utachoma petroli mchana kutwa.

Betri unayoilisha ni ya aina gani

Soma kibandiko. Betri za risasi na asidi utakazokutana nazo zaidi ni za aina mbili: za maji, zenye vifuniko vya kufungua juu, na AGM, ambazo zimefungwa kabisa na asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo. Kisha kuna lithiamu. Hiyo nitaisema peke yake huko chini, maana tabia yake ni nyingine.

Tafuta na ujazo, yaani ampea-saa. Betri mbili za 100 zilizoungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ni 200. Lakini betri ya risasi ukitaka ikudumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hizo 200 hesabu kwamba una 100 za kutumia.

Halafu ujue inaweza kumeza kiasi gani kwa mpigo. Betri ya maji hupokea vizuri mkondo wa moja ya tano hadi robo ya ujazo wake. Ya 200, basi, ni ampea 40 hadi 50. AGM humeza zaidi kidogo. Chaja ya ampea 10 kwenye betri ya 200 ni kumnywesha tembo kwa kijiko.

Kujua imebaki kiasi gani, tumia mita ya kawaida ya kupimia volti, mradi betri imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika. Kwa betri ya risasi ya volti 12:

- 12.7 imejaa
- 12.4 robo tatu, zaidi au pungufu kidogo
- 12.2 nusu
- 12.0 robo, na hapo umeshachelewa

Nasisitiza kupumzika. Betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi itakudanganya kwa volti 13 na zaidi, na iliyobeba mzigo itakudanganya kwa upande wa pili. Saa nzuri ya kupima ni alfajiri, kabla mtu hajafungua bomba na pampu ikaamka. Ukiwa na uwezo, funga mita ya betri yenye shanti, kile kipande cha chuma ambacho mkondo wote wa betri hupitia ili upimwe. Hiyo huhesabu ampea zinazoingia na zinazotoka, nawe huachana na kubahatisha. Mimi ningeinunua kabla ya paneli ya sola, kabla hata ya jenereta.

Chaja ndiyo yenye siri

Karavani nyingi huja na chaja iliyojengwa ndani, kwenye kisanduku kilekile chenye fyuzi. Ukichomeka waya wa nje kwenye umeme, inaamka yenyewe. Tatizo ni kwamba za zamani ziliundwa kwa mtu anayekaa kwenye umeme wiki nzima. Zinatoa volti kama 13.6 wakati wote, na kwa volti hizo betri ya risasi hujaa polepole mno. Mwenye chaja kama hiyo anaweza kuwasha jenereta tangu asubuhi hadi magharibi na bado asifike mbali, kisha akailaumu betri.

Chaja ya kisasa huenda kwa hatua tatu. Ya kwanza inasukuma mkondo wake wote, mfano ampea 40, huku volti zikipanda taratibu. Ya pili huanza volti zikifika 14.4 hadi 14.8 kutegemea betri. Hapo chaja inashikilia volti zisipande, na mkondo unaanza kushuka wenyewe kwa sababu betri inakataa. Ya tatu ni ya kuitunza betri iliyokwishajaa, kwa volti 13.2 hadi 13.6. Ile chaja ya zamani, kwa maneno mengine, inaruka moja kwa moja kwenye hatua ya matunzo.

Sasa tazama hesabu, kwa sababu ndimo mwongozo huu wote ulimo. Una betri za risasi za 200, ziko nusu, na chaja ya ampea 40. Kutoka nusu hadi asilimia 80 ni ampea-saa 60. Kwa ampea 40, ukiongeza na zinazopotea, ni chini kidogo ya saa mbili. Zilizobaki ni 40 tu, na mtu angesema saa moja inatosha. La hasha: mkondo unashuka hadi 20, kisha 10, kisha 5, na hizo 40 za mwisho zinaweza kula saa nne au zaidi. Ampea 5 kwa volti 14.4 ni wati 72. Hebu fikiria jenereta ya wati 2000 inanguruma, inakunywa karibu nusu lita ya petroli kwa saa, ili kutoa kazi ya balbu moja ya kizamani.

Ndiyo maana mimi huzima kwenye asilimia 80 hadi 85 na sijuti.

Jenereta ya ukubwa gani

Zidisha ampea za chaja kwa volti: 40 mara 14.4 ni wati 576. Chaja nayo hupoteza kwa joto, kwa hiyo gawanya kwa 0.85, unapata kama wati 680. Bado. Chaja nyingi za bei ya kawaida huvuta umeme kwa mikupuo badala ya kuuvuta kwa ulaini, na jenereta huhisi mzigo mkubwa kuliko wati zinazoonekana. Gawanya tena kwa 0.7 na unakaribia 970. Mwenye jenereta ya 1000 aone hapo kwa nini mashine yake inahema.

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa jenereta ni ya sekunde chache tu. Iliyoandikwa 2000 kwa kawaida huweza 1600 hadi 1800 mfululizo. Na ukipanda mlima, hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu kwa karibu asilimia 3.5 kila mita 300. Kwenye kimo cha mita 2000 umepoteza karibu robo. Kwa chaja ya ampea 40 hadi 50, jenereta ya inveta ya wati 2000 inatosha popote nilipowahi kulala. Aina ya inveta ni tulivu, inatoa umeme safi, na hupunguza mzunguko wa injini mzigo ukiwa mdogo.

Sasa tuwashe

*1. Pima betri na kagua injini ya jenereta.* Andika volti mahali. Chomoa kijiti cha oili, kipanguse, kitumbukize, kisome. Jaza petroli injini ikiwa baridi, kamwe isiwe moto wala inafanya kazi.

*2. Chagua mahali pa kuweka jenereta.* Hapa sina haraka, na wewe usiwe nayo. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ndiyo inayoua watu usingizini kambini. Weka mashine angalau mita 6 kutoka kwenye gari, bomba la moshi likielekea mbali na kila dirisha, mlango na tundu la hewa, lako na la jirani. Tazama upepo unakovuma, na uutazame tena baada ya nusu saa kwa sababu upepo hugeuka. Usiiweke chini ya turubai la kivuli lililoungana na gari, wala kwenye buti lililofunguliwa, wala katikati ya magari mawili yaliyobanana, hata kama mvua inanyesha. Ndani ya gari kuwe na kengele ya kaboni monoksidi inayofanya kazi. Ibonyeze uisikie kabla ya safari. Mtu akianza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu au kulegea kama mwenye usingizi wa ghafla, watoeni wote nje kwenye hewa safi kwanza, maswali baadaye, kisha mtafute daktari. Na usilale jenereta ikiwa inafanya kazi.

Ardhi iwe tambarare. Safari moja jenereta yangu ilikuwa ikiwaka dakika tatu, inazima, inawaka, inazima. Nilifungua plagi ya injini, nikasafisha, nikabadilisha petroli, mikono ikanuka mpaka chakula cha jioni. Mwishowe mwanangu akaja akaizungusha kidogo ili apitishe baiskeli yake, na ikaendelea kuwaka. Ilikuwa imekaa kwenye mteremko. Oili ilikuwa imekimbilia upande mmoja na sensa ikaona haina oili, ikazima injini kuilinda. Siku hizi natembea na kipande cha ubao wa kuiwekea.

*3. Zima mizigo.* Friji iweke kwenye gesi kama ni ya aina hiyo. Zima hita ya maji ya umeme na kiyoyozi. Kila wati unayoiachia friji ni wati iliyonyimwa chaja. Kisha, na hili husahaulika sana, zima inveta ya karavani, yaani kile kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa umeme wa soketi. Kwenye baadhi ya mifumo inveta hulisha soketi zilezile zinazoilisha chaja, na ukiiacha wazi betri inaweza kujikuta inajichaji yenyewe: inatoa kwa mkono wa kulia, inapokea kwa wa kushoto, na njiani inapoteza.

*4. Washa bila mzigo.* Choki, kamba, kisha iache ipate joto dakika mbili tatu. Kitufe cha kupunguza mzunguko, ambacho wengi wanakiita Eco, kiache kimezimwa kwa sasa. Chaja ikiamka huvuta kwa ghafla, na injini iliyokuwa inasinzia inaweza kuzidiwa.

*5. Unganisha.* Mwenye chaja ya ndani achomeke waya wa karavani kwenye jenereta kwa adapta inayofaa. Tumia waya mnene wa kutumika nje, milimita za mraba 2.5 ukiweza, na kama umezungushiwa kwenye gurudumu lake uufungue wote: waya uliojikunja hujichemsha wenyewe. Maungio yasilale kwenye umande.

Mwenye chaja ya mkononi afuate utaratibu huu, na asiugeuze: chaja ikiwa haijapewa umeme, bana chanya kwenye kichwa chanya cha betri, kisha hasi kwenye chuma cha bodi mbali kidogo na betri, ndipo uchomeke kwenye jenereta. Betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Cheche ya klipu inayogusa kichwa cha betri ni cheche tosha. Fungua mlango wa kisanduku cha betri, na anayevuta sigara avutie mbali.

Kama una kifaa cha kulinda umeme kati ya jenereta na karavani, kinaweza kugoma kabisa na kuonyesha kosa la ethi, yaani waya wa ardhini. Mara nyingi jenereta si mbovu. Jenereta nyingi ndogo za inveta nyutro yake, yaani waya wa kurudishia umeme, haijaungwa na ethi, na kifaa kile kinatafuta muungano huo. Kuna plagi maalumu ya kuunganisha nyutro na ethi, inayochomekwa kwenye soketi ya pili ya jenereta. Muulize fundi umeme ile inayofaa mashine yako, na usiitumie ukiwa umechomeka kwenye umeme wa kawaida.

*6. Tazama dakika kumi za kwanza.* Usiende kunywa chai. Mita ya shanti, au ile ya kubana waya, inapaswa kuonyesha mkondo unaokaribia ule ulioandikwa kwenye chaja. Kwa mfano wetu, 36 hadi 40. Ukiona 12, kuna jambo. Pima volti kwenye chaja, kisha pima tena kwenye vichwa vya betri. Chaja ikisema 14.4 na betri ikisema 13.7, hizo 0.7 zimeliwa na waya mwembamba, fyuzi iliyoota kutu au nati iliyolegea. Ndivyo nilivyoipata nati yangu. Kwa macho ilionekana imekaza, lakini nilipousogeza mkono karibu na kichwa cha betri nikahisi joto kama la kikombe cha chai. Nilizima kila kitu, nikakwangua ule unga mweupe wa kutu kwa brashi ya waya, nikakaza, na mkondo ukapanda kutoka 22 hadi 38 papo hapo. Jenereta ileile, petroli ileile.

*7. Acha ifanye kazi.* Mzigo ukishatulia, bonyeza Eco. Angalia kila nusu saa. Ndio wakati mzuri wa kuchaji pia simu, kompyuta na tochi, ila usiwashe birika la umeme la wati 1500 chaja ikiwa kwenye hatua ya kwanza. Taa ya kuzidiwa itawaka na umeme utakatika.

*8. Jua wakati wa kuzima.* Kwa betri ya risasi, mkondo ukishuka chini ya nusu ya ulivyoanza, umepata vya bei rahisi vyote. Zima. Chomoa mzigo kwanza, iache injini ivute pumzi dakika moja au mbili, kisha zima. Kwa chaja ya mkononi: umeme kwanza, hasi, halafu chanya.

Kwa nini asubuhi

Wengi huwasha jioni, kwa kuwa wanaogopa giza. Mimi nawasha asubuhi baada ya saa mbili, watu wakishaamka. Betri imeshuka kabisa usiku na iko tayari kumeza mkondo wote, kwa hiyo dakika zako za makelele zina faida kubwa zaidi. Kisha jua linapanda. Paneli moja ya wati 100 hutoa kama ampea 5 au 6 jua la utosini, kidogo mno kwa betri tupu lakini ni sawasawa na betri iliyo asilimia 85 inavyotaka. Jenereta hubeba magunia, sola hupanga vikombe. Ukiwa na vyote viwili, saa moja na nusu ya jenereta inaweza kukufikisha jioni ukiwa umejaa.

Tena viwanja vingi vya kambi vina saa maalumu za jenereta, uliza unapoingia. Nakumbuka jirani mmoja, enzi zangu za lile tundu la volti 12, alikuja akanisalimia kwa adabu zote, akasimama kidogo, kisha akauliza kama tuna mgonjwa ndani anayetegemea mashine. Nilizima.

Kushiba kabisa nako kuna siku yake

Usichukue hesabu ya asilimia 80 kama sheria ya milele. Betri ya risasi isiyojazwa kikamilifu kwa majuma mengi hujenga chembe za salfeti kwenye bamba zake. Mwanzoni ni laini, chaji ya kutosha huziyeyusha, baadaye hugeuka gumu na ujazo hupotea moja kwa moja. Kila wiki moja au mbili ijaze kabisa, kwa sola, kwa umeme wa kituo, au ukikosa vyote, kwa jenereta mchana mmoja mrefu. Imejaa kweli pale ambapo chaja inashikilia volti za hatua ya pili na mkondo umeshuka hadi asilimia 1 au 2 ya ujazo: kwa 200, ni ampea 2 hadi 4.

Betri za maji, siku hiyohiyo, zifungue baada ya chaji na uongeze maji ya betri yaliyosafishwa, yafunike bamba na yabaki chini kidogo ya shingo. Ukijaza kabla ya kuchaji, maji hupanda na asidi humwagika, isipokuwa bamba zimeshakuwa wazi; hapo zifunike kwanza kidogo tu. Miwani na glavu. Ukiwa na hidromita, kifaa cha kupimia uzito wa asidi, seli iliyojaa husoma karibu 1.265 au juu zaidi, na seli moja ikiwa chini sana kuliko ndugu zake, hiyo ndiyo inayokuangusha.

Harufu ya mayai viza wakati wa kuchaji ni dalili ya betri inayochemka au seli iliyokufa. Zima jenereta, fungua milango, iache ipoe. Betri iliyovimba usiirudishe kwenye chaja.

Wenye lithiamu

Ninyi mna raha zenu. Lithiamu humeza mkondo wote karibu hadi mwisho, haina kudonoadonoa, na haidhuriki ikikaa nusu. Haihitaji kujazwa kila wiki. Kwa hiyo ile hoja ya kuzima kwenye 80 haiwahusu sana: washa, jaza, zima.

Lakini volti zake hazisemi kitu. Ikiwa imejaa na imepumzika husoma kama 13.3, na ikishuka hadi theluthi bado iko karibu 13.0. Bila mita ya shanti unaendesha gizani. Chaja iwe na mpangilio wa lithiamu, volti 14.2 hadi 14.6, na hali ya kusawazisha seli kwa volti kubwa iwe imezimwa. Na usiichaji chini ya nyuzi 0 za Selisiasi. Kwenye baridi hiyo metali ya lithiamu hujipaka ndani ya seli, na uharibifu huo haurudi. Saketi ya ulinzi ya betri nzuri hukataa chaji yenyewe. Usiibishie, pasha joto chumba cha betri kwanza.

Tatizo la lithiamu ni kwamba huwapa watu tamaa ya chaja kubwa. Ampea 100 kwa volti 14.4 ni wati 1440. Kwa hasara za chaja ni karibu 1700 kutoka kwenye jenereta, na kama chaja ni ile ya mikupuo, unapita 2400. Jenereta ya 2000 itakata kila ukijaribu. Tafuta chaja unayoweza kuipunguza, uiweke 60, na mambo yote yatatulia.

Ukirudi nyumbani

Oili ya jenereta mpya hubadilishwa mapema, kwa mashine nyingi baada ya saa 20 hivi za kwanza, baadaye kila saa 100 au kama kitabu chake kinavyosema. Petroli usiiache ndani miezi. Funga koki ya mafuta injini ikiwa inawaka, uiache ijizime yenyewe ikimaliza yaliyomo kwenye kabureta, kisha yaliyobaki kwenye tangi la jenereta yamimine kwenye gari la petroli. Petroli iliyolala hugeuka gundi kwenye vitundu vidogo vya kabureta, na utaligundua hilo kambini, umeshavuta kamba mara thelathini.